Kwenye Sherehe Ile Wasichana Walikuwa Wapi?



Leo nagombana na makundi mawili kwa mpigo mmoja, kwa hiyo wewe mwenye kidole chepesi, soma hadi mwisho kabla hujanijibu.

Kundi la kwanza ni wazazi, pamoja na watumishi wenzangu, wanaosema kwamba "Player's Ball", wimbo wa kwanza wa OutKast, ni wa kishetani kwa sababu uliifanyia Krismasi mzaha. Kundi la pili ni vijana wetu, na wengine si vijana tena, wana mvi na watoto wa sekondari, wanaosema: mchungaji, tulia, huo ni muziki tu, tena ni historia. Wana nguvu zaidi sasa kwa sababu mwaka 2025 OutKast waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, na kila mtu amerudi kusikiliza walikoanzia.

Kundi la kwanza linalilia Krismasi. Kundi la pili linalilia sanaa. Nimewasikiliza wote, na sijasikia hata mtu mmoja akiuliza habari za wasichana.

Tuanze na haki, maana hata mshtakiwa ana haki ya kuelezwa vizuri.

Wimbo huu ulitoka Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Vijana wawili, André Benjamin na Antwan Patton ambaye watu wanamjua kama Big Boi, walisoma shule moja ya sekondari inayoitwa Tri-Cities, pale East Point. Walikwenda kumtafuta Rico Wade, ambaye alikuwa akifanya kazi katika duka la bidhaa za nywele na urembo, wakafoka mashairi mbele yake hapo hapo nje ya duka. Akawachukua. Rico na wenzake wawili, Ray Murray na Sleepy Brown, walikuwa kundi la watayarishaji lililoitwa Organized Noize. Studio yao? Chumba cha chini ya nyumba ya mama yake Rico. Sakafu haikuwa hata na simiti, ilikuwa udongo mwekundu wa Georgia. Wakakiita Dungeon, yaani gereza la chini ya ardhi. Vijana wakilala humo, wakiandika humo, na mama yuko juu ya vichwa vyao. Mshike huyo mama akilini, nitamrudia.

Wakati huo hip hop ilikuwa na wenyewe: New York upande mmoja, Los Angeles upande wa pili. Mtu wa Kusini alionekana mshamba. Lafudhi yake ilichekwa, vile mtu akishuka stejini Nairobi akitoka ushago anavyochekwa kabla hajafungua mdomo mara ya pili.

Kampuni iliyowasajili iliitwa LaFace, ya L.A. Reid na Babyface. Mwaka 1993 kampuni hiyo ilikuwa inaandaa albamu ya Krismasi. TLC wakaimba, Toni Braxton akaimba, Usher akaimba akiwa bado mtoto. Kisha wale vijana wawili wa OutKast wakaambiwa nao walete wimbo wa Krismasi. Hawakufurahi. Wafokaji wa miaka 18, wimbo wa kwanza wa maisha yao, halafu uwe na kengele za Krismasi? Wakaamua wataandika Krismasi jinsi inavyoonekana mtaani kwao. Ukatoka Novemba 1993. Ukakaa nambari moja kwenye chati ya rapu ya Billboard wiki sita, ukapata cheti cha dhahabu, na Aprili 1994 ukawekwa kwenye albamu yao ya kwanza.

Hebu pumzika hapo kidogo. Wimbo wa Krismasi ukauzwa hadi Aprili. Hiyo peke yake inakuonyesha Krismasi ilikuwa na uzito gani kwa waliouagiza.

Sasa nageukia kundi la kwanza. Wapendwa, mnasema vijana hawa walichezea Krismasi. Nawauliza: Krismasi ipi? Nani aliyeiagiza? Hakuna kanisa lililoagiza. Ni kampuni ya kuuza muziki iliyotaka kitu cha kuuza mwezi wa kumi na mbili. Kama kuna mtu aliyeiweka Krismasi sokoni ikiwa na bei, alikuwa amekaa ofisini, na vijana wale walimkuta ameshaifunga kwenye karatasi ya zawadi. Walichofanya ni kuifungua na kusema: ndani hakuna kitu chetu.

Kijana mmoja anaeleza kwamba mtaani kwao hakuna hata dohani, kwa hiyo hizo soksi za zawadi atazitundika wapi? Wanaimba kama watu wanaoshukuru kwamba mwaka umeisha na bado wako hai, maana wapo wenzao ambao haukuwaisha. Hayo ndiyo mnaita kufuru? Nifungulieni Injili ya Luka sura ya pili mnionyeshe dohani. Nionyesheni theluji. Nionyesheni yule mzee wa ndevu nyeupe na kofia nyekundu ambaye tunamning'iniza kwenye milango ya makanisa yetu hapa ikweta, jua likiwaka nyuzi 30. Nionyesheni soksi.

Mlichoona kimetukanwa ni mapambo. Kwa Luka kuna wafanyakazi wa zamu ya usiku, walio nje na mifugo ya watu, na kuna familia iliyokosa chumba. Kijana anayesema sherehe yenu haikufika kwetu, yuko karibu na hori kuliko sisi tunaolipia taa za rangi kwa sadaka ya jengo. (Ndiyo, nimelisema. Kamati ya mapambo mtanisamehe.)

Kwa hiyo shtaka la Krismasi nalifuta. Si kwa sababu wimbo hauna hatia. Ni kwa sababu mmeushtaki kwa kosa ambalo si lake, na kosa lake lenyewe limetoka mahakamani likitembea.

Shtaka lenyewe liko kwenye jina. Mnajua "player" wa jina lile ni nani? Vijana wetu wanadhani ni mwanamume mwenye maneno matamu na namba nyingi kwenye simu. Hapana. Sherehe ya jina hilo ilikuwa sherehe ya MAKUWADI. Wanaume wanaouza wanawake. Katika filamu ya The Mack ya mwaka 1973, iliyotengenezwa Oakland, California, sherehe hiyo imeonyeshwa wazi: makuwadi wamekusanyika, wamevaa manyoya na kofia pana, wakishindana nani amefaulu zaidi. Chicago nako sherehe hiyo ilijulikana tangu miaka ya sabini. Mmoja wa wakuu wake alijiita Askofu, na baadaye akasema ameokoka na kuhubiri, lakini mavazi ya sherehe hakuyavua. Neno askofu lina maana ya mwangalizi. Sitaongeza.

Basi wimbo unachukua karamu hiyo, unaihamishia Atlanta, unaivika sauti tamu ya Sleepy Brown, ile ya juu, laini, kama ya kwaya ya miaka ya sabini, na unakualika uingie. Magari ya Cadillac. Nywele zimesukwa, nyingine zimeachiliwa kama mawingu. Wageni wanatoka mbali. Ni wimbo mzuri, tusidanganyane. Besi yake imetembea kama mtu asiye na haraka na aliyelipwa. Nani asingetaka kualikwa?

Lakini mimi nafanya kazi ya kuuliza nani alilipa. Hiyo Cadillac ilinunuliwa na nini?

Kuwadi hana duka. Hana shamba. Hana mshahara. Ana msichana. Anampata akiwa mdogo, akiwa ametoroka nyumbani au amefukuzwa, akiwa na njaa ya chakula na njaa ya kuambiwa yeye ni mtu. Anamnunulia viatu. Anamwita mpenzi. Wiki chache baadaye msichana yuko barabarani usiku, na pesa anazopata hazishiki, zinapita mkononi mwake kama maji kwenda kwa mwenye koti. Akirudi na kidogo anapigwa. Akitaka kuondoka anakumbushwa anakoishi mdogo wake. Hivyo ndivyo koti la manyoya linavyoshonwa. Kila anayekuja kwenye sherehe ile amekuja kwa mgongo wa mtu ambaye hakualikwa.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 16. Pale Filipi kulikuwa na msichana mtumwa mwenye pepo wa uaguzi. Wengi tunapohubiri hapo tunakimbilia pepo, maana sisi Wapentekoste tukiona pepo hatuoni kitu kingine. Lakini Luka ameandika jambo tunaloliruka: msichana yule alikuwa na mabwana, kwa wingi, na mabwana wale walikuwa wanapata faida. Paulo alipomfungua, hakuna hata mmoja wao aliyesema tumepata dada. Waliona tumaini la faida limekwisha. Wakamkamata Paulo na Sila, wakawapeleka sokoni mbele ya wakubwa, na huko hawakutaja pesa kabisa. Walizungumza habari za desturi, kwamba watu hawa wanavuruga mji wetu.

Umeona? Ukigusa faida ya mtu, atakujibu kwa utamaduni.

Ndiyo maana nageukia kundi la pili. Mtaniambia: mchungaji, hawa walikuwa wanatumia "player" kama mfano. Walimaanisha mtu nadhifu, mtu aliyejipanga, mtu mweusi wa Kusini asiyeomba ruhusa. Nakubali kwamba walimaanisha hivyo. Vijana wa miaka 18 wakirekodi kwenye udongo hawakuwa makuwadi wa mtu yeyote. Na nakubali jambo zaidi: Agosti 1995 kule New York, kwenye tuzo za jarida la The Source, walipotajwa kuwa kundi jipya bora, ukumbi ukawazomea. André akasimama pale pale mbele ya waliomzomea, akawaambia Kusini ina neno la kusema. Huo ulikuwa ujasiri. Mtu aliyedharauliwa kwa lafudhi yake amesimama kwenye nyumba ya waliomdharau. Ningekuwa ukumbini ningepiga makofi hadi mikono iwashe.

Lakini mfano hula kwenye sahani ya kitu chenyewe. Kama neno "player" linang'aa, limeupata wapi mng'aro? Kwa nini hamkusema sherehe ya mafundi? Sherehe ya madereva wa malori? Limeng'aa kwa sababu kuwadi alionekana kama mtu mweusi aliyekataa kuwa chini ya mtu. Na alikataa kweli. Alipanda juu ya dada yake.

Na msiniambie kwamba ilikuwa hadithi ya zamani ya filamu. Kusini magharibi mwa Atlanta kulikuwa na barabara iliyoitwa Stewart Avenue. Ilikuwa na sifa mbaya sana kwa biashara hiyo hivi kwamba mwaka 1997 jiji liliibadilisha jina, ikawa Metropolitan Parkway. Jina likabadilika, biashara ikabaki. Mwezi wa Januari 2001 gazeti la Atlanta Journal-Constitution lilichapisha mfululizo wa habari kuhusu watoto wa kike waliokuwa wakiuzwa katika jiji hilo. Watoto. Na wakati huo sheria ya Georgia ilikuwa bado inahesabu ukuwadi wa mtoto kuwa kosa dogo. Katika Georgia ya "Player's Ball" mtu angemuuza binti wa watu na sheria ikamwona mkosaji wa daraja la chini. Mwaka huohuo wa 2001 ndipo sheria ilipobadilishwa ukawa kosa kubwa la jinai. Muda si mrefu mahakama ya shirikisho pale Atlanta ikawahukumu makuwadi kwa sheria ileile inayotumika kuvunja magenge ya uhalifu, nao wakapewa miaka mingi gerezani. Barabara iliyotajwa kwenye kesi ile ni hiyo hiyo ya Metropolitan.

Hesabu na mimi. Wimbo ulitoka 1993. Sheria ilibadilika 2001. Katika miaka ile yote, kwenye redio kuwadi alikuwa mgeni wa heshima, na barabarani msichana ndiye aliyekuwa akikamatwa.

Sisemi wimbo uliwauza wasichana wale. Walikuwa wakiuzwa kabla OutKast hawajazaliwa. Nasema kwamba vijana wenye macho makali kiasi cha kuona kwamba mtaani hakuna dohani, hawakumwona msichana aliyesimama kwenye barabara ya jiji lao wenyewe. Au walimwona wakampita. Kuhani na Mlawi nao walikuwa na macho.

Jambo jingine. Video ya wimbo ule iliongozwa na kijana wa New York aliyekuwa anapanda, Sean Combs, ambaye wengi mlimjua kama Puff Daddy, halafu majina mengine. Julai 2025 jopo la mahakama huko New York lilimkuta na hatia ya makosa mawili ya kusafirisha watu kwa ajili ya ukahaba. Lilimwondolea mashtaka mazito zaidi, ya biashara haramu ya ngono na ya kuendesha genge la uhalifu, na hilo lazima niliseme kwa sababu amri ya tisa inanihusu mimi pia. Oktoba akahukumiwa miezi 50. Kati ya video na hukumu imepita miaka zaidi ya 30, na mimi si nabii wa kuunganisha kila kitu kwa kamba moja. Lakini wewe unayeniambia "ni muziki tu, mchungaji," nenda ukawaambie maneno hayo wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi.

Sasa yule mama.

Nimesema studio ilikuwa chini ya nyumba ya mama. Tazama jinsi wanawake walivyozunguka wimbo huu pande zote isipokuwa ndani. Rico alikuwa akiuza bidhaa za nywele, na wateja wa duka kama hilo ni akina nani? Wanawake. Wenzao waliokuwa wakiimba kwenye kampuni ile ile, TLC, walikuwa akina dada watatu. Nyumba ni ya mama, na umeme wa mashine zile ulitoka kwenye nyumba yake. Kisha vijana wanashuka ngazi, wanafunga mlango, na wanaandika karamu ambayo mwanamke ndani yake ni bidhaa.

Na usiseme hawakuwa na uwezo wa kuandika kitu kingine. Organized Noize hao hao, katika chumba kile kile cha mawazo, ndio waliotayarisha "Waterfalls" ya TLC. Ule ni wimbo gani? Unaanza na mama anayemwona mwanawe akiingia kwenye biashara ya barabarani na hawezi kumzuia. Unaendelea na mwanamume anayeliwa na ugonjwa ambao hautajwi, na kila mtu aliyeusikia mwaka 1995 alijua ni UKIMWI. Mwaka huo ulikaa nambari moja Marekani wiki saba. Watayarishaji ni wale wale, jiji ni lile lile, ngoma zinafanana ukizisikiliza vizuri. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alimkumbuka anayeumia. Kwa hiyo yule anayeniambia kwamba hip hop ya Kusini isingeweza kuwa na mafanikio bila kumtukuza kuwadi, namrudisha kwenye kazi ya mikono ile ile.

Mpaka hapa kundi la kwanza mmefurahi, mnasema mchungaji amewapiga wale vijana wa dunia. Bado niko na ninyi.

Mnajua kwa nini mliona Krismasi na hamkuona msichana? Kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuona. Neno "player" limefika hapa kwetu Kenya, linatumika mtaani, linatumika shuleni, na linatumika kwenye ushirika wa vijana kanisani, tena kwa kicheko. Kijana mpiga kinanda akiwa na wasichana watatu kwenye kwaya moja, tunasema huyu ni player, tunatikisa kichwa, tunatabasamu, kisha tunampa mic. Msichana mmoja wa wale watatu akipata mimba, ni yeye anayeitwa mbele. Ni yeye anayetengwa na meza ya Bwana. Ni yeye anayevuliwa joho la kwaya. Nimeona makanisa ambayo binti alisimamishwa mbele ya kusanyiko kuomba toba akiwa na tumbo la miezi sita, na aliyempa tumbo anapiga kinanda cha wimbo wa toba.

Kanisa la namna hiyo lina haki gani ya kuwakemea OutKast?

Yuda, mwana wa Yakobo, alifanya hivyo hivyo. Soma Mwanzo 38. Aliposikia mkwewe Tamari ana mimba, alitoa hukumu ya moto kabla hajauliza swali hata moja. Mteja alikuwa yeye. Pete yake, kamba yake na fimbo yake ndivyo vilivyomfunga mdomo. Laiti kila msichana angekuwa na fimbo ya kuonyesha! Leo wengine wana ujumbe kwenye simu, na bado tunawaambia wameghushi.

Halafu ufungue Mathayo sura ya kwanza, ile orodha ya majina tunayoiruka kila Desemba kwa sababu ni ndefu na ni ngumu kutamka. Tamari yumo. Rahabu yumo, na Biblia haifichi Rahabu alikuwa akifanya kazi gani kule Yeriko. Mathayo angeweza kuwaacha. Akina baba wangetosha kujaza orodha. Aliwaandika kwa majina, mbele kabisa, kabla ya Mariamu, kabla ya nyota, kabla ya mamajusi. Kwa hiyo ukitaka kujua ni nini hasa kinachogombana na Krismasi ndani ya "Player's Ball", usitafute kengele wala soksi. Krismasi ya Mathayo inaanza kwa kumwandika mwanamke ambaye wanaume walimtumia kisha wakataka kumchoma. Karamu ya wimbo huu inaanza kwa kumfuta.

Na sisi tunamfuta pia, kwa kumfunika na taarifa ya nidhamu inayosomwa na katibu.

Sasa niwajibu walioniuliza kama wawafutie watoto wao wimbo huu kwenye simu. Mama, ukiufuta ataupakua tena kabla ugali haujaiva. Keti naye. Usikilizeni pamoja, wote, hadi mwisho, na usianze kukemea kwenye sekunde ya kumi. Muulize nani amekuja kwenye sherehe. Atakutajia. Muulize wamekuja na gari gani. Atakutajia, tena kwa furaha, maana anajua magari. Kisha muulize pesa za gari zimetoka kwa nani, na unyamaze. Usimjibie. Ukimya wake utafanya kazi ambayo kemeo lako halijafanya miaka mitatu.

Na kama ni binti, muulize yeye angekuwa wapi kwenye sherehe ile.

Kwa vijana wangu: Ijumaa hii saa kumi na mbili jioni hatutakuwa na mazoezi ya sifa. Tunasoma Matendo 16 mstari wa 16 hadi wa 24, polepole, na wavulana ndio watakaosoma. Mpiga kinanda pia, aache kinanda nyumbani. Wazee wa kanisa wanaoshughulikia nidhamu nimewaalika rasmi, na nimewaomba waje na kile kitabu cha majina ya waliotengwa miaka mitano iliyopita. Tutahesabu ni wasichana wangapi, na ni wavulana wangapi.